Bwana Mgongo Hageuki

4 Februari

Shemeji yangu,

Mimi mzima, ukiondoa magoti, na magoti hayajui kuandika barua kwa hiyo tuyaache. Binti yako kaniambia siku hizi unasoma gazeti mpaka pua inashika wino. Nenda hospitali, shemeji. Jicho si soli ya kiatu, kwamba unasubiri itoboke ndiyo utafute fundi.

Najua simu ipo. Lakini wewe kwenye simu ni "ee" na "haya", na mimi sijazoea kuongea na mlango. Kwenye karatasi angalau unajilazimisha.

Nina habari. Mchapishaji amekuja hapa kwa mwanangu, akakaa sebuleni, akanywa chai vikombe viwili, akaniambia wanataka kuitoa "Ghorofa ya Tatu" kuwa kitabu. Katuni yetu yote, tangu zile za mwanzo tulizokuwa tunabandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi kabla gazeti halijaichukua. Nilitamani ungekuwepo umwone anavyowataja watu wetu kama binamu zake. Ofisi yenyewe ilishavunjwa, sisi tumestaafu na kutawanyika, lakini watu wa makaratasi wanadunda.

Anataka tueleze kila mmoja alizaliwaje. Nimeshaanza. Kuhusu Bwana Mkubwa, yule ambaye tumbo lake linaingia kisanduku kimoja cha katuni kabla yake, nimeandika ukweli: alikuwa mkuu wetu wa idara, naye alinunua gazeti kila wiki, akacheka, akatuambia anamfahamu mtu huyo, ni mkuu wa ghorofa ya chini. Paka wa masjala nimemtungia mimi maneno lakini sura ni ya kwako. Tarishi Kesho sijui ulimtoa wapi, niandikie. Na Bibi Muhuri, mwanamke anayegonga muhuri kila kinachopita mbele yake hata mkate wa watu, huyo naye nieleze bila kukwepa, maana nina mashaka ya siku nyingi.

Anabaki Bwana Mgongo. Mchapishaji anasema barua za wasomaji zilizokuja kwa ajili yake peke yake zinajaza gunia. Mtu amekaa dirishani tangu katuni inaanza, tunamwona nyuma tu, hageuki, hasemi. Wanataka ukurasa mmoja mpya wa mwisho ambao anageuka.

Nimepata wazo, na usinune. Wanamgeuza, kumbe ni sanamu! Lile la dukani, la kuvishia suti. Miaka yote ofisi imemsalimia, imempandisha cheo, imemchangia harusi, kumbe kwenye kile kiti hakukuwa na mtu. Mchapishaji alicheka mpaka akavua miwani.

Kwa hiyo fuata utaratibu wetu uleule: mistari kwanza, maneno baadaye, na hakuna kuulizana. Wewe chora, acha viputo vya maneno vitupu, nitavijaza. Na tafadhali chora viputo vya kutosha safari hii. Marehemu mume wangu, aliyekaa na wewe chumba kimoja cha ramani miaka yote ile, alikuwa akisema unanibania nafasi kama mwenye nyumba.

Shemeji yako,
Mwenye Maneno


19 Februari

Shemeji,

Barua imefika. Jicho la kushoto limeingia mtoto wa jicho, la kulia linamsaidia mwenzake kwa manung'uniko. Mkono unatetemeka kidogo asubuhi. Binti yangu ananifungia vifungo vya shati na kunicheka. Ni fundi cherehani, anasema mimi ndiye mteja wake mgumu kuliko wote.

Sijakubania. Kiputo kimoja unakitia maneno ya vitatu. Mara ngapi nimefuta ukuta, dirisha na nusu ya kichwa cha Bwana Mkubwa ili maneno yako yapate pa kukaa? Hilo nalo mwandikie mchapishaji.

Tarishi Kesho alikuwa tarishi wetu kweli. Unamkumbuka? Kila bahasha alijibu "kesho". Nilimchora miguu mirefu kwa sababu alitembea kama anayeruka madimbwi. Alipofariki, mkewe alikuja ofisini akaomba ile picha ya ubaoni, maana hawakuwa na nyingine. Nilimpa. Kwa hiyo katuni ya kwanza ya Tarishi haipo kwenye mkusanyiko wako, usiitafute.

Bibi Muhuri ni wewe. Ulipokuwa unaleta mafaili juu kutoka masjala, uligonga mihuri mpaka meza zetu zikawa zinaruka. Nilidhani umejua siku ya kwanza. Mtu mwingine nani ana viatu vile?

Kuhusu Bwana Mgongo, mwache. Wasomaji wamekaa naye akiwa amewapa mgongo na hawajafa. Mwambie mchapishaji mkono wangu haufai tena. Sanamu silipendi.

Shemeji yako,
Mwenye Mistari


2 Machi

Shemeji,

"Sanamu silipendi." Basi! Mtu anaandikiwa kurasa mbili, anajibu kama anatuma simu ya upepo ya kulipia kila neno.

Nakujua unavyokata kona. Mkono unaotetemeka asubuhi hutulia mchana. Tatizo si mkono. Unakumbuka tulivyogombana mara moja tu katika kazi yetu yote? Ni kwa ajili ya huyuhuyu. Nilikuomba umpe kiputo. Kimoja! Paka alikuwa na kiputo, birika la chai lilikuwa na kiputo. Ukasema, "Huyu hasemi." Nikauliza kwa nini, ukasema tulikubaliana hakuna kuulizana. Nilikaa siku kadhaa sikusalimii kwenye ngazi. Si kwamba ilionekana, maana pale ofisini salamu zenyewe zilikuwa za wizi.

Nikuambie kwa nini ananiudhi yule mtu, sasa kwa kuwa tumezeeka. Kwa sababu nimeishi na mmoja wa aina yake.

Wewe ulikuwa rafiki yake, mlikaa pamoja kutwa, labda kwako alikuwa anaongea. Nyumbani, shemeji, nilikuwa naongea mimi na kuta. Alikuwa mtu mwema, sisemi vingine. Hakuwahi kuninyanyulia sauti, mshahara wake tuliupanga pamoja, watoto aliwaogesha mwenyewe. Lakini neno! Nikivaa gauni jipya, anatazama, anarudi kwenye gazeti. Nikirudi kutoka safari, anapokea mzigo, ananiuliza kama basi lilichelewa. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi niliungoja mshindo mpaka nikamzika.

Unadhani maneno yote yale ya katuni yalitoka wapi? Yalikuwa yananibaki. Kitu pekee nilichompatia ni kicheko cha Jumapili. Alikuwa analifungua gazeti kwenye ukurasa wetu kabla ya habari za dunia, anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, halafu ananipa niangalie katuni ambayo nimeiandika mwenyewe.

Na hospitali, ile wiki ya mwisho. Alilala ameelekea ukutani. Nilikaa nyuma yake na chupa ya chai, ninaongea, ninaongea, hakugeuka. Amekwenda hivyo, amenipa mgongo. Mpaka leo hii sijui kama yule mtu alifurahi kunioa au alinivumilia tu kwa sababu alikuwa na subira.

Kwa hiyo nataka kucheka. Nataka wamgeuze Bwana Mgongo wakute sanamu, na mimi nicheke na wasomaji wangu, niseme kumbe ndivyo ilivyokuwa, hapakuwa na mtu, haikuwa kosa langu. Nimeshamkubalia mchapishaji. Kama wewe hutaki kuchora, wana mchoraji wao, atakuiga. Kitabu kinaingia mitamboni mvua zikiisha. Usinilaumu.

Mwenye Maneno


11 Machi

Shemeji,

Usimwache mtu mwingine amchore. Nakuomba.

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Bwana Mgongo ni mumeo.

Nimeandika sentensi hiyo nikaacha kalamu, nikaenda kunywa maji, nimerudi. Sasa nitaeleza yote, kwa sababu nisipoeleza mtamfanya sanamu, na yeye hakuwa sanamu.

Unakikumbuka chumba cha ramani. Meza zilipangwa kama darasani. Yake mbele, dirishani, yangu nyuma yake. Uso wake niliuona asubuhi tukisalimiana na jioni tukiagana. Mgongo nilikuwa nao kutwa. Nilikuwa nikiinua macho kutoka kwenye ramani, naukuta.

Siku moja mkuu wa idara aliingia anafoka kwa sababu ya mpaka wa kiwanja uliopinda. Wote tuliinamisha vichwa. Yeye aliendelea kupima na rula yake, akamaliza mstari, ndipo akasimama akasema, "Kosa ni langu." Halikuwa lake. Lilikuwa langu. Nikamchora vile alivyokuwa ameketi. Mchana nikamwonyesha.

Aliangalia sana. Akasema, "Ni mimi."

Nikasema, "Ni wewe. Nichane?"

"Usichane. Niweke humo. Ila usinipe kiputo, bwana. Mke wangu akijua ni mimi atanitilia maneno mazuri, unamjua alivyo. Halafu nikirudi nyumbani atayangoja, na mimi sinayo." Akacheka ule mcheko wake. Halafu akasema, "Na usimwambie. Niapie."

Nikamwapia. Nilidhani utani. Baadaye nilikuwa namuuliza, bado? Anasema bado. Alipofariki sikuwa na wa kuniondolea kiapo, basi nikakaa nacho. Leo nimekivunja nusu. Kile cha kiputo sikivunji.

Lakini hilo silo ninalotaka kukuambia. Sikiliza.

Ofisi ile mkuu alikataza mke na mume kusimama pamoja. "Ofisi si sebule." Kwa hiyo wewe ulipoleta mafaili ulipita kwenye korido bila kutazama ndani, kichwa juu, unakwenda. Ulimwona mtu amekaa hajui kama umepita. Mimi nilikuwa nyuma yake. Viatu vyako vilipoanza kulia kule chini kwenye ngazi, kalamu yake ilisimama. Halafu mabega yakainuka. Si sana, kama mtu anayevuta pumzi asitake wenzake wasikie. Yanabaki juu mpaka umepita, umegonga mihuri yako, umeshuka. Ndipo yanashuka.

Kila siku, shemeji. Mlipokuwa wachumba, mlipooana, mlipopata watoto, mpaka alipostaafu. Nilikuwa najua unakuja kabla masikio yangu hayajakusikia.

Na hospitali nilikuwepo. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, tukasikia viatu. Upande wa pili ulikuwa unamuuma, ndiyo maana alilalia ule, alikuwa hawezi kugeuka bila manesi wawili. Wewe ulikuwa unahangaika na chupa na vikombe. Mimi nilikuwa naangalia shuka. Iliinuka.

Usiniamini mimi. Fungua katuni zako. Nilichora nilichokiona.

Shemeji yako


14 Aprili

Shemeji,

Sijapata jibu. Inawezekana barua imepotea. Binti yangu anasema nipige simu, nimemwambia ngoja.

Kama barua imefika na umeamua kutonijibu, nimeelewa. Nataka tu kujua umemwambia nini mchapishaji.

Mvua hazitakaa milele.

Mwenye Mistari


20 Mei

Shemeji,

Barua haikupotea. Imekaa chini ya mto wangu.

Nianze na hasira ili zipite. Nilikukasirikia mpaka nikaogopa shinikizo la damu. Wanaume wawili mmekaa na kitu changu! Mmekitia mfukoni, mnakitoa mkiwa wawili mnakitazama, mimi niko chini masjala nagonga mihuri. Yeye nimemkasirikia zaidi. Nilikwenda kaburini, nikasimama pale nikamwambia maneno ambayo mjane hatarajiwi kuyasema. Mwanangu alikuwa pembeni, akajifanya anang'oa majani.

Halafu nikasema, huyu mchora ramani ni mwongo, amenihurumia tu, ametunga. Nikatoa maboksi ya katuni. Nikaanza kukutafutia ushahidi wa uwongo wako.

Shemeji, nimepitia zote. Mwanangu alidhani ni kwa ajili ya kitabu.

Yapo. Mabega yapo. Kila mahali Bibi Muhuri alipo, yako juu. Mwanzo nikasema ni mkono tu umeteleza. Kisha nikaona ile ya mafuriko, ambayo maji yameingia ofisini na kila mtu amepanda juu ya meza. Kwenye kisanduku cha kwanza Bibi Muhuri hayumo. Hayumo kabisa. Na Bwana Mgongo mabega yameshainuka. Kisanduku cha pili ndiyo anaingia na mihuri yake kichwani. Alikuwa amemsikia kwenye ngazi.

Nikatafuta zile za likizo yangu ya uzazi, kifungua mimba wetu. Ulikuwa umemtoa Bibi Muhuri, ukasema amekwenda kwa mama yake. Wiki zote zile mabega yamekaa chini, kama koti lililotundikwa vibaya. Na unajua niliandika nini mimi, mwenye akili? Nilikuwa nakujazia viputo nyumbani huku nanyonyesha. Nikamtilia Tarishi: "Leo Bwana Mgongo kalala mapema." Gazeti zima likacheka. Na yeye Jumapili ile alicheka, mabega yakatikisika, akanipa gazeti niangalie, halafu akainuka akaenda kumwangalia mtoto kama amelala.

Alikuwa ananipa niangalie! Kila Jumapili, shemeji. Mimi nilidhani ananipa nisome. Nilikuwa nasoma viputo vyangu mwenyewe, nahakiki kama wamekosea chapa, namrudishia. Amenionyesha miaka yote ile, na mimi nilikuwa naangalia maneno.

Nimelia vya kutosha, sitakuchosha. Nimechoka kwa namna ambayo sijawahi kuchoka.

Mchapishaji nimempigia. Nimemwambia hakuna sanamu, na akimwita yule mchoraji wake nitakula naye sahani moja. Ameogopa, mbona nina sifa. Ametupa muda hadi mwisho wa Julai.

Sasa nakuomba mimi. Mgeuze. Si kwa mzaha. Nichoree uso wake, vile alivyokuwa pale dirishani viatu vikilia. Picha zake za harusi na za vitambulisho ninazo, ndani ya zote amekaa kama anasubiri kuitwa jina. Uso ule wa dirishani sijauona hata siku moja, nilikuwa napita kichwa juu. Nataka kuuona kabla sijamfuata.

Shemeji yako, Bibi Muhuri


9 Juni

Shemeji,

Siwezi.

Nimejaribu, nisikudanganye. Binti yangu ataniambia nimeharibu karatasi za mwaka mzima. Kila nikimgeuza anatoka mtu mwingine, mtu mzuri tu, lakini si yeye. Nilikuwa nyuma yake, shemeji. Mabega yakiinuka mimi niliona mabega. Uso ulikuwa unatazama dirishani, na dirisha lile lilikuwa na mwanga mkali, hata kivuli chake kwenye kioo sikukiona. Kama kuna aliyeuona uso ule labda ni ndege.

Siwezi kukutungia. Mengine yote tumetunga mimi na wewe. Hiki hatukutunga.

Daktari anasema sasa si jicho peke yake. Nimemwambia anihesabie kwa visanduku, akaniuliza maana yake nini. Mkono unapata nafuu kidogo baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limeingia chumbani. Nitakuchorea kimoja. Hakitakuwa ulichoomba. Kitakuwa nilichokiona.

Usininunie kwenye ngazi.

Mwenye Mistari


17 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Ulipopiga simu siku ya msiba sikuweza kuongea, naomba unisamehe. Nilisikia sauti yako nikakumbuka kwamba baba alikuwa akipata barua yako anaweka chakula pembeni. Usijali kuhusu magoti na safari. Baba mwenyewe angesema umekaa vizuri hukohuko.

Tumemzika salama. Nyumba imekuwa kubwa. Mashati yake nimeyakunja, vifungo vyote vimefungwa, sijui nilikuwa namfungia nani.

Mchoro aliumaliza Jumanne, yeye akaondoka Ijumaa. Nimeuweka kwenye kadibodi mbili usikunjike. Aliuchora paji la uso likiwa linagusa karatasi. Mstari mmoja alikuwa anauchukulia muda ambao mimi namaliza upindo wa sketi. Nikimwambia apumzike ananiambia, "Ngoja, bado mabega."

Utaona mwenyewe lakini aliniagiza nikueleze, na niliyaandika pale pale nisikosee. Chumba ni kile cha ramani. Meza zote tupu, watu wamekwenda. Amebaki Bwana Mgongo dirishani, hajageuka. Mlangoni yuko Bibi Muhuri. Baba alisema niseme hivi: safari hii hapiti, amesimama. Na mikono yake haina kitu, hana mafaili wala mihuri.

Kiputo ni kimoja. Mkia wake unaelekea kwa Bibi Muhuri. Nilimuuliza kwa nini asimpe huyo mwingine, maana najua ulivyokuwa unamdai. Akasema, "Niliapa." Akafuta dirisha lote na nusu ya ukuta ili kiputo kipate nafasi. Nikasema baba, hiki kimezidi, kimekula chumba. Akacheka, kilikuwa kicheko cha mwisho nilichomsikia. Akasema, "Kiache hivyohivyo. Namjua."

Binti yako,
fundi


30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Pole tena, na nitakupa pole mpaka uchoke kuipokea. Usiyafungue yale mashati. Yaache na vifungo vyake, siku moja utayafungua bila kukusudia na utaona umeweza.

Mchoro umefika haujakunjika. Niliuweka mezani, nikakaa mbele yake kutwa nzima, mwanangu wa hapa akaniletea chakula nikakiacha kikapoa. Baba yako hakuwa na jicho tena, lakini mabega ni yenyewe, yameinuka. Ni yeye. Ningemjua sokoni kati ya watu elfu.

Nilimwomba baba yako uso, na nilikuwa na nia ya kumnunia. Sasa sitaki tena ageuke. Akigeuka yatashuka.

Kiputo kimenitoa jasho. Kwa muda wote wa kazi yetu hakuna kiputo kilichonitosha, na hiki baba yako kanipa ukuta mzima. Niliandika ya kuomba radhi, nikafuta. Niliandika ya kulaumu, yalikuwa matamu, nikayafuta nayo. Niliandika habari za watoto na wajukuu, jinsi yule mdogo anavyocheka bila sauti. Nikasema, huyu mtu aliogopa maneno mazuri maisha yake yote, leo hana pa kukimbilia, halafu mimi ndiyo nimmwagie? Nikafuta mpaka karatasi ya kujaribia ikatoboka.

Mchapishaji amenipigia leo asubuhi. Anasema wafanyakazi wa mitambo wameuliza, kiputo ni kikubwa sana na ndani mna neno moja tu, je, kuna maneno yamesahaulika? Nimemwambia hayajasahaulika. Wachape hivyohivyo, neno likae katikati, na pembeni pabaki peupe.

Nimeandika: "Nimekuona."

Mama yako,
Bibi Muhuri